Juu ya Sanamu ya Bruegel Iitwayo "Siku ya Giza"

Katika jumba kubwa la masanamu la mji wa Vienna, nchi ya Austria, kuna mbao tatu zilizopakwa rangi na fundi mmoja katika mwaka mmoja, mwaka wa 1565. Fundi huyo ni Pieter Bruegel, aliyeishi Antwerpen na kiisha Brussels, akafa huko Brussels mwaka wa 1569. Ubao mmoja unaonyesha wawindaji wakirudi kijijini katika theluji. Wa pili unaonyesha ng'ombe wakishushwa kutoka malishoni kabla ya baridi kuingia. Hizo mbili hazihitaji kusifiwa na sisi. Ile ya wawindaji hasa inapigwa chapa kila mwaka katika kalenda na kadi za Noeli, na wengi wa wasomaji wetu wamekwisha kuiona bila kujua jina la fundi. Ubao wa tatu hauna bahati hiyo. Watu waliokuja nyuma waliupa jina "Siku ya Giza", na jina hilo, ambalo si la Bruegel mwenyewe, limeuletea hasara. Anayesikia giza hutafuta giza, na akiisha kulipata huenda zake.

Tunataka kusema neno juu ya sanamu hii, kwa maana tunafikiri kwamba wengi wanaisoma vibaya, hata wataalamu. Tena tunafikiri kwamba msomaji wa Kongo, ambaye hajaona theluji maisha yake yote, ana ufunguo mmoja wa kuifungua ambao watu wa miji ya Ulaya wameupoteza.

Tutazame kwanza. Ubao una upana wa mita 1 na sentimita 63 hivi, na kimo cha mita 1 na sentimita 18. Mtazamaji amewekwa juu ya kilima, kama msafiri aliyesimama kupumzika. Chini, upande wa kushoto, kuna kijiji chenye nyumba za nyasi na kanisa. Nyuma ya kijiji kuna maji mapana, ndipo mto unapoingia baharini, na juu ya maji hayo kuna dhoruba. Merikebu zinapigwa na mawimbi, na kwa baadhi yao tunaona kwamba hazitafika. Mbali zaidi kuna milima mirefu yenye theluji. Mawingu ni meusi, na miti haina jani hata moja.

Lakini tuangalie udongo wa mbele. Hauna theluji. Ni udongo wa rangi ya kahawia, umelowa maji, umefunguka. Theluji imerudi nyuma, imekimbilia milimani. Wala miti haijakauka: ncha za matawi zina wekundu kidogo, kama miti inayoanza kuvuta maji kutoka chini. Na upande wa kulia, karibu kabisa na miguu yetu, kuna watu. Wengine wanafanya kazi. Wanakata matawi marefu ya miti inayoota penye maji, ile ambayo kwa Kifaransa huitwa saule, wanayafunga mafungu. Wengine hawafanyi kazi. Mwanamume mmoja anatia kinywani mkate mwembamba wenye vishimo vya mraba, mkate wa gofre. Karibu naye yuko mwanamke, na mtoto mwenye taji ya karatasi kichwani na taa mkononi.

Basi, hiyo ndiyo sanamu: dhoruba kubwa sana, na mkate mdogo sana. Swali ni hili: hivi viwili vimewekwa pamoja kwa sababu gani?

Kabla ya kujibu ni lazima tujue sanamu hii ilikuwa sehemu ya nini. Tajiri mmoja wa Antwerpen, Nicolaes Jonghelinck, alimwagiza Bruegel masanamu ya miezi ya mwaka kwa nyumba yake iliyokuwa nje ya mji. Wataalamu wengi wanakubaliana kwamba mbao zilikuwa sita, kila moja kwa miezi miwili. Leo ziko tano tu: hizo tatu za Vienna, moja ya kukata majani makavu iliyoko Prague, na moja ya mavuno ya ngano iliyoko New York tangu mwaka wa 1919. Ya sita imepotea. Na ubao uliopotea, kwa kadiri tunavyoweza kuhesabu miezi, ndio ule wa mwezi wa nne na wa tano, yaani majira ya kuchipua yenyewe, wakati wa maua na majani mabichi. Tajiri hakuwa nazo siku nyingi. Mwezi wa pili wa mwaka wa 1566 aliziweka rehani kwa mji wa Antwerpen kwa ajili ya deni la mtu mwingine, na mwaka wa 1594 mji ukazitoa zawadi kwa mkuu wa nchi. Katika safari zile mmoja ukatoweka.

Kwa hiyo Bruegel wa miezi anatuonyesha baridi katika ukamilifu wake, anatuonyesha kiangazi na mavuno, lakini kuchipua anatuonyesha mlangoni tu. "Siku ya Giza" ndiyo mlango huo. Ni mwezi wa pili na wa tatu. Mtu akiitazama kama sanamu ya baridi anakosea majira.

Sasa mlango huo ulikuwa na maana gani kwa mtu wa kijiji cha Brabant? Hapa vitabu vingi vinapita mbio, na hapa ndipo sisi tunapenda kukaa. Baridi ya Ulaya si baridi tu, ni ghala. Mkulima huvuna ngano katika mwezi wa nane. Mwezi wa kumi na moja huchinja nguruwe, hutia nyama chumvi na kuitundika juu ya moshi. Kiisha hufunga mlango na kuanza kula, na kila siku anayokula, ghala inapungua. Theluji inapoyeyuka huyu mtu hajapata kitu, amepata matope. Shamba halitoi chochote mpaka miezi mingine mingi ipite. Ng'ombe amekonda na maziwa yake ni machache. Kwa hiyo miezi mizito si ile ya theluji nyingi, ni hii ya mwisho, wakati jua linaanza kurudi na chini ya pipa panaonekana.

Kitu kimoja tu kinarudi mapema, nacho ni yai. Kuku wa Ulaya hutaga kidogo sana siku za baridi, kwa sababu mchana ni mfupi. Mchana ukianza kurefuka, mwezi wa pili, wanaanza tena. Na tazama, wakati uleule Kwaresima iko mlangoni, na sheria ya Kwaresima ya siku zile ilikataza nyama na mayai, na mahali pengi maziwa na siagi vilevile. Mama wa nyumba ana mayai mapya, ana mafuta ya nguruwe ya mwisho, ana unga wa mwisho mwisho. Afanye nini? Anachanganya vyote, anamwaga kati ya vyuma viwili vilivyochongwa vishimo, anaweka juu ya moto, na watoto wanasimama mlangoni kwa sababu ya harufu. Ndiyo gofre. Siku hizi huliwa kila siku ya mwaka, huuzwa katika vituo vya gari la moshi, na hutiwa sukari nyingi kupita kiasi. Siku zile ilikuwa chakula cha sikukuu, tena cha siku chache.

Taji ya karatasi nayo ina habari yake. Katika nchi zile, siku ya Epifania, watu wa nyumba huchagua mfalme wa karamu, mara nyingine mtoto, na kumvika taji. Huyu mtoto wa Bruegel anaivaa mpaka siku za karamu za kabla ya Kwaresima. Wataalamu wanabishana kama taji ni ya Epifania au ni ya karamu hizo. Kwetu ubishi huo si mkubwa: mtoto aliyepewa taji haivui upesi.

Turudi kwa swali letu. Wako wataalamu wanaosema kwamba sanamu ni onyo. Nyuma, watu wanazama baharini. Mbele, mpumbavu anakula gofre wala hageuzi kichwa. Bruegel, kwa maoni yao, anawacheka walafi wasiojua hatari. Maoni haya yana faida moja, ni rahisi kuhubiri. Na ugonjwa wa kutafuta mahubiri katika kila sanamu uko sana katika nyumba za malezi ya mapadri. Mwanafunzi akionyeshwa mti tu, tayari amekwisha kupata sehemu tatu za mahubiri na hitimisho.

Lakini mtu aliyetaka kuonya angefanya kazi yake namna nyingine. Angemfanya mlaji mnene. Huyu si mnene. Angemweka peke yake, mbali na wafanya kazi, ili uvivu wake uonekane. Bruegel amemweka karibu na watu wanaokata matawi, kwenye udongo uleule. Angeweka chakula kingi, mapipa, nyama. Hapa kuna mkate mwembamba tu, tena mmoja tayari uko kinywani. Na wale wanaokata matawi pia hawageuzi kichwa kutazama merikebu. Je, hao nao wanaonywa kwa sababu ya kufanya kazi? Mtu aliye juu ya kilima hawezi kumwokoa baharia aliye mbali vile. Anaweza kukata matawi kabla maji ya mti hayajapanda, kwa maana huo ndio wakati wake na hautarudi mpaka mwaka mwingine. Anaweza kula gofre, kwa sababu hiyo nayo ina siku zake.

Zaidi ya hayo tunayo shahidi kutoka kwa Bruegel mwenyewe. Mwaka wa 1559, miaka sita mbele ya sanamu hii, alipaka ubao mwingine, ambao nao uko Vienna, juu ya vita kati ya Karamu na Kwaresima. Pale Karamu ni mtu mnene aliyepanda pipa, mkuki wake ni chuma cha kuokea chenye kichwa cha nguruwe. Kwaresima ni mwanamke mwembamba, amevaa mzinga wa nyuki kichwani, anavutwa juu ya kigari, na silaha yake ni kipande cha mbao cha mwoka mikate chenye samaki wawili wa baharini, wa namna ya wale wanaotiwa chumvi kama makayabo yetu. Upande mmoja kuna nyumba ya pombe, upande wa pili kuna kanisa. Kiwanja chote kimejaa watu: watoto wanaocheza, vilema wanaoomba, wakristu wanaotoka kanisani na kuwapa maskini sadaka.

Ni kazi ya akili nyingi, na mtu anaweza kukaa mbele yake saa nzima akigundua vitu vipya. Lakini tuseme wazi kwamba sisi hatuipendi sawasawa na "Siku ya Giza". Imejaa mno. Kila mtu pale ni mfano wa neno fulani. Hakuna anayekula kwa sababu ana njaa. Furaha imewekwa upande mmoja na toba upande wa pili, na fundi amesimama juu akiwacheka wote wawili. Miaka sita baadaye hacheki tena. Katika "Siku ya Giza" nyumba ya pombe na kanisa hazipigani. Kijiji ni kimoja. Gofre haina mkuki. Aliyeweza kupaka onyo kwa nguvu namna ile mwaka wa 1559, kama angetaka onyo mwaka wa 1565 angelipaka tusilikose.

Nini kimebadilika? Hatuwezi kuingia katika moyo wa mtu. Lakini mambo fulani yanajulikana. Mwaka wa 1563 Bruegel alifunga ndoa katika kanisa la Bikira Maria wa Kapellekerk mjini Brussels, na kabla ya sanamu hizi kukauka mtoto wake wa kwanza, Pieter, alikuwa amekwisha kuzaliwa au yu karibu kuzaliwa. Tena baridi ya mwaka 1564 kuingia 1565 ilikuwa kali kupita kiasi. Mto wa Schelde uliganda mbele ya Antwerpen. Watu walioishi baridi ile walijua thamani ya udongo ulio wazi. Na mbele yao kulikuwa na mabaya waliyokuwa hawajayaona: bei ya ngano ikapanda, njaa ikaingia mijini, mwezi wa nane wa mwaka 1566 makundi yakavunja masanamu na altare katika makanisa mengi ya nchi ile, na mwaka wa 1567 Duke wa Alba akaja na majeshi yake na mahukumu yake. Bruegel hakuwa nabii. Lakini sisi tunaojua yaliyofuata hatuwezi kumtazama yule mtoto mwenye taji bila kuhesabu: mwaka mmoja na nusu.

Pengine wasomaji watauliza kama neno hili la kuwaonyesha watu wadogo na furaha yao ni jambo jipya, maana vitabu vya sala vya zamani navyo vilikuwa na masanamu ya miezi. Ni kweli. Kitabu kilicho maarufu kuliko vyote ni kile walichopambia ndugu Limbourg kwa Duke wa Berry, nao walikufa mwaka wa 1416; kitabu kiko Chantilly, Ufaransa. Mle mwezi wa pili kuna wakulima wanaojiota moto, theluji iko nje. Mwezi wa tatu wakulima wanalima na kukata mizabibu, na juu yao kuna ngome kubwa nyeupe ya bwana. Kiisha unakuja mwezi wa nne, na hapo wakulima wanatoweka. Waliopo ni mabwana na mabibi wa nguo ndefu, wanavishana pete katika majani mabichi. Mwezi wa tano vilevile, wamepanda farasi, wamevaa matawi. Yaani baridi na jembe ni vya maskini, lakini kuchipua ni kwa wakubwa. Uzuri wa kitabu kile hauna mfano, wala hatutaki kuupunguza. Lakini Bruegel amegeuza jambo hili. Katika "Siku ya Giza" hakuna bwana wala bibi mbele yetu. Furaha ya kwanza ya mwaka mpya, ndogo kama ilivyo, amempa mtu mwenye matope miguuni.

Na kwa kuwa ubao wa majani mabichi umepotea, hatuwezi kujua kama angeendelea hivyo. Tuna dalili moja tu. Mwaka uleule wa 1565 alichora kwa kalamu karatasi ya "Kuchipua", ambayo iko katika jumba la Albertina, Vienna, na ilichapishwa mwaka wa 1570, yeye akiwa amekwisha kufa. Mbele kabisa kuna watu wanaochimba na kupanda bustani, wameinama, migongo yao ni mikubwa, na bibi mwenye bustani amesimama akiwaelekeza. Nyuma wako wanaokata manyoya ya kondoo. Watu wa kustarehe wako mbali, wadogo. Basi hata penye maua Bruegel aliweka mbele wale wanaoshika jembe. Mwana wake Pieter, alipokuwa fundi, alifanya mbao nyingi za rangi kwa kufuata karatasi hiyo. Ni nzuri kwa macho, safi, zenye rangi za kupendeza, na wenye fedha walizinunua sana. Lakini migongo ile imepungua uzito. Mwana alirithi mistari ya baba, udongo hakuurithi.

Tusiseme kwamba "Siku ya Giza" haina kasoro. Milima ile haiko Brabant; Bruegel aliileta kichwani mwake kutoka safari ya Italia, na hapa tunaona imesimamishwa nyuma ya kijiji kama pazia. Katika sanamu ya wawindaji milima imekubali kukaa, hapa haijakubali. Tena watu wa upande wa kulia wamebanwa kidogo, kana kwamba fundi aliwakumbuka nafasi ikiwa imekwisha. Lakini kasoro hii ya pili tunamsamehe upesi, maana inalingana na jambo lenyewe. Furaha ya namna hii haipati nafasi ya katikati. Inajipenyeza pembeni.

Sasa juu ya ule ufunguo tuliosema mwanzoni. Msomaji wa Katanga au wa Kivu akifundishwa juu ya baridi na kuchipua, mwalimu humweleza theluji: ni nyeupe, ni kama pamba, inaanguka bila sauti. Mwanafunzi anaandika, anajibu mtihani, na hajui lolote. Nyimbo nyingi za Pasaka tulizotafsiriwa zina shida hiyohiyo. Zinaimba juu ya ardhi inayoamka, wakati kwetu Pasaka inaangukia mwisho wa mvua, majani yamekuwa marefu kupita mtu, na ardhi ya kusini inaelekea kulala. Katekista anayesimama mbele ya watu wake na kuwaambia kwamba sasa maua yanatoka anawaona wakitazamana.

Lakini mwambie mtu wa Katanga ya kusini juu ya ghala, hapo atakusikia mara moja. Yeye naye ana miezi yake ya chini ya pipa, na kwa ajabu ni ileile ya sanamu yetu, mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, wakati mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha na mapya yamesimama shambani mabichi. Nje kila kitu ni kijani kibichi na nyumbani hakuna unga. Anajua namna mvua inavyopiga nyasi za paa wakati sufuria haina kitu. Na anajua vilevile kwamba katika miezi hiyo hiyo kuna uyoga, mkubwa kama sahani, ambao watoto wanautafuta porini asubuhi na kuuza kando ya barabara; na baada ya uyoga, siku moja, kuna hindi la kwanza bichi linalochomwa juu ya makaa. Halishibishi. Mavuno hayajafika. Mama anavunja hindi vipande viwili ili wawili wapate, na mtoto anayepewa kipande hasubiri kipoe. Mtu anayeyajua haya akionyeshwa yule mwanamume wa Bruegel, mkate kinywani, dhoruba nyuma yake, hatasema kwamba ni mlafi. Atasema: amepata.

Tulijaribu jambo hili mara moja, kwa kupitisha sanamu mikononi mwa wanafunzi bila kuwaambia jina lake wala majira yake. Hakuna aliyesema giza. Walisema juu ya matawi kwanza: ni ya kufuma vikapu au ni ya kuni? Kiisha wakauliza kinacholiwa ni nini. Dhoruba waliiona mwisho, na mmoja akasema tu kwamba watu wa maji siku hiyo wana shida. Hatusemi kwamba hii ni hukumu ya kitaalamu. Lakini macho yao yalifuata njia ambayo fundi mwenyewe aliwatengenezea, kutoka mkono wa mtu kwenda mbali, wala si kutoka mawinguni kuja chini.

Jambo hili si la masanamu tu. Kijana anayejifunza leo kutazama karamu ndogo za watu, kesho atakuwa padri wa parokia, na wiki ya mwisho kabla ya Jumatano ya majivu itamkuta na ngoma ya kijiji, mtungi wa pombe ya mahindi na mbuzi mmoja kwa nyumba kumi. Atasema nini? Kama amefundishwa kusoma "Siku ya Giza" kama onyo, tayari tunajua mahubiri yake. Ulevi ni ulevi, na Eklezia haikuanza leo kuukemea. Bruegel mwenyewe alimjua mtu wa pipa. Lakini asiyeweza kutenga mtu wa pipa na mtu wa gofre atawakemea wote wawili kwa sauti moja, na yule wa pili hatamwelewa, kwa sababu hakutenda kosa. Tena Kwaresima yenyewe itapoteza maana mbele yake. Mama wa Brabant aliyetoa mayai yake arobaini nzima alikuwa anatoa kitu kilichotoka kurudi tu nyumbani kwake, kitu alichokionja wiki iliyopita na watoto wake wakafurahi. Hakutoa kitu alichokidharau.

Anayetaka kuitazama sanamu vizuri asiridhike na kadi ndogo, maana katika kadi sehemu ya kulia huwa doa jeusi, na mtoto hupotea na taji yake. Baada ya maonyesho makubwa ya Bruegel yaliyofanywa Vienna mwaka wa 2018 na mwanzo wa 2019, picha zake kubwa na safi zimekuwa nyingi, hata katika simu ya mkononi mtu anaweza kuzikuza mpaka aone vishimo vya gofre. Aanzie hapo, kiisha aende kwa mafungu ya matawi, ashuke kijijini, na baharini afike mwisho.